Mpishi Asiyeonja Chapati Zake

Kama umeoa au umeolewa popote kati ya Siakago na Kianjai, na wageni wako wakarudi nyumbani wameshiba, kuna uwezekano mkubwa walikula chapati zangu. Jina langu ni Ireri, lakini kwa miaka mingi nimeitwa Ireri wa Chapati. Hata kwenye mazishi mtu alinisalimia hivyo mbele ya jeneza, na mjane akageuka kuangalia kama nimekuja nazo.

Sasa nimestaafu. Sufuria kubwa nimewaachia nyinyi vijana niliowafunza, na mikono yangu siku hizi inapalilia kunde na kushika simu. Wapwa zangu ndio walionisukuma niandike, hasa kuhusu lile jambo linalowachekesha wote, kwamba nusu ya pili ya maisha yangu ya kazi nilipika chapati ambazo sikuweza kutia mdomoni hata kipande cha ukubwa wa ukucha. Nawaandikia nyinyi wapishi. Namwandikia pia yule kijana aliyeambiwa juzi na daktari kwamba asiguse ngano tena, na sasa amejifunika blanketi akidhani maisha yameisha. Hayajaisha. Amka ule viazi.

Nilianzia Embu mjini, katika hoteli ya aina ile ambayo menyu imeandikwa ukutani kwa rangi na nusu ya vyakula vyake havijawahi kuonekana. Aliyenifunza ni Mama Kagwiria, mwanamke wa kutoka Meru, mcheshi na mkali kwa pamoja. Baadaye alitoka hotelini akaanzisha kikundi cha kupikia sherehe, akanibeba. Hakuwahi kupima unga kwa kikombe, aliutazama tu. Maji yawe vuguvugu, alisema, na donge lilale kwanza kabla ya kusukumwa.

"Unga ni kama mgeni ametoka safari," aliniambia. "Mwache apumzike. Ukimsumbua mapema atakununia."

Harusi ya kwanza aliyoniachia chapati peke yangu ilikuwa hapa hapa Siakago. Nilizipika mapema, nikazipanga kwenye beseni zikiwa moto, nikazifunika kwa karatasi ya nailoni ili zisipoe. Kijana mwenye akili, si ndiyo? Zilitoa jasho humo ndani. Tulipofunua wakati wa kugawa, zilikuwa zimeshikana zikawa chapati moja nene kama godoro la bweni. Nilitamani ardhi inimeze. Mama Kagwiria hakuniangalia hata kidogo. Alichukua kisu, akaikata vipande vya pembetatu, akatangazia wageni kwamba hiyo ni keki ya Kimeru. Waliimaliza, na mama mmoja akaja jikoni kuomba afunzwe. Tangu siku hiyo nafunika chapati kwa kitambaa cha pamba, na nikimwona mmoja wenu akizifunika na nailoni nitafufuka nije nimchape.

Tumbo lilianza nikiwa kwenye kilele cha jina langu. Kuhara, gesi, uchovu wa kuamka nao, mifupa kuuma kama ya mzee ilhali sikuwa na mvi. Suruali nilizifunga kwa kamba. Kila zahanati niliyoingia niliambiwa ni taifodi, na nilimeza dawa za taifodi za kutosha kutibu kata nzima. Kanisani walianza kuniombea kwa ile sauti ya chini ya kumwombea mtu ambaye hatarajiwi kupona. Majirani walikuwa na jina lao la ugonjwa wangu, na hawakulitamka mbele yangu. Mke wangu Wanjira alinipikia chapati laini nipate nguvu. Maskini, kila akinihurumia nilizidi kuumwa.

Mwishowe nilifika hospitali moja Meru mjini, nikakutana na daktari msichana ambaye ningeweza kumzaa.

"Mzee, asubuhi unakula nini?"

"Chai na chapati."

"Lunch?"

"Chapati na maharagwe."

"Na jioni?"

"Inategemea kama zimebaki."

Alicheka, kisha akaacha kucheka na kuanza kuandika. Akataka damu, na baadaye kamera ndogo ipite kooni mpaka tumboni. Nikamwambia kwa kuwa anashuku chakula, basi nianze kuacha leo. Akakataa kabisa.

"Usiache saa hii. Endelea kula vile umezoea mpaka tumalize. Ukiacha, hizo test zitanidanganya."

Shikeni neno hilo, vijana. Ukishuku ngano, pimwa kwanza ukiwa bado unaila. Wengi huacha wenyewe kwa kusoma kwenye simu, halafu vipimo havionyeshi kitu na wanabaki wakibahatisha.

Majibu yalipotoka alinikalisha. Ugonjwa wenyewe unaitwa siliaki. Ndani ya ngano, na pia shayiri, kuna kitu kinaitwa gluteni, kile kinachofanya donge livutike bila kukatika. Yaani kile nilichokisifu maisha yangu yote ndicho utumbo wangu ulikuwa ukipigana nacho kila siku, na ulikuwa umeshindwa.

"Kwa hivyo nipunguze?" nikamuuliza.

"Usipunguze. Acha. Hata makombo."

"Daktari, mimi ni Ireri wa Chapati."

Akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Basi, mzee wangu, utafute jina ingine."

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi, nikalia. Mtu mzima, mchana, watu wakipita. Jina hilo ndilo lililojenga nyumba yangu na kusomesha watoto wangu. Nilimpigia simu Mama Kagwiria kumwambia atafute mtu mwingine. Aliniacha nimalize, kisha akaniuliza, "Kwani mkunga lazima azae kila wiki ndio ajue kuzalisha?" Akakata simu. Kesho yake nilikuwa kazini.

Lakini kukanda nililazimika kuacha, maana vumbi la unga linaingia mdomoni na puani, na unalimeza bila kujua. Donge akapewa Mutwiri, mwenzangu wa siku nyingi, na mimi nikasimama upande upepo unakotoka, nikiamuru. Hapo ndipo nilipojua kazi yangu kweli. Zamani chapati nikiishuku nilikuwa nachuna kipande nakila. Sasa ilibidi nitumie macho, pua na masikio. Donge lililoiva kwa kukandwa ukilibonyeza kidole, shimo linarudi polepole. Chapati ikigeuzwa mapema inatoa mlio mkavu, ikigeuzwa kwa wakati wake inanong'ona. Ikiwa chumvi imesahaulika, rangi yake huwa na upole fulani, sijui niiteje, lakini nilimwambia Mutwiri mara nyingi "hii haina chumvi" nikiwa nimesimama mbali, naye akaonja na kunitukana kwa Kimeru kwa mshangao. Watu walisema chapati zetu zilizidi kuwa nzuri. Mutwiri anasema ni mikono yake. Mwacheni aseme.

Na mimi nikanenepa. Baada ya miezi kadhaa nilitupa ile kamba, na Wanjira akaanza kuniita jina moja la zamani ambalo sitaliandika hapa.

Sasa sikilizeni mahali ngano inapojificha, kwa sababu mimi mpishi nazijua hila za wapishi. Mchuzi mzito wa hoteli, ule unaosimama kwenye sahani, mara nyingi umetiwa unga wa ngano ili nyama kidogo ionekane nyingi. Uliza. Viungo vya pakiti, soseji, na mipira ya nyama, uliza au soma. Chapati za wimbi ni za wimbi kwa rangi tu, ngano imo ndani, la sivyo zisingeviringika. Chipsi zina makosa gani? Hazina, mpaka ukumbuke kwamba mafuta yale asubuhi yalikaanga mandazi. Uji wa mchanganyiko ulioandikwa "lishe" unaweza kuwa na ngano nyingi kuliko wimbi. Na ugali, rafiki yetu sote, unaweza kukuangusha kwa sababu ya kinu. Mashine iliyosaga ngano ya jirani bado ina ngano ndani yake. Mimi nilizungumza na mwenye kinu hapa sokoni, tukaelewana. Naenda siku ambayo hajasaga ngano, tunafagia, na unga wa mwanzo unaotoka wanapewa kuku wangu. Kuku hawajawahi kulalamika.

Nyumbani Wanjira alinitengea mwiko wangu, sufuria yangu na kikaango changu, akavifunga uzi mwekundu. Mgeni akigusa, anapigiwa kelele kama aliyeshika waya wa stima.

La ajabu ni kwamba sisi watu wa Mbeere tulikuwa na dawa hii tangu zamani, tukaionea aibu. Mtama, mawele, kunde, pojo, mihogo. Nilipokuwa mdogo vilikuwa chakula cha mwaka mbaya, na mwenye kula mkate alionekana ameendelea. Siku hizi wapwa zangu wananiambia huko mijini unga wa mtama unauzwa kwenye mifuko mizuri kwa bei ya kumtisha mtu. Mama yangu angecheka mpaka akae chini.

Kanisani nako kulikuwa na kazi. Siku ya meza ya Bwana sinia ya mkate ilipofika kwangu, niliipitisha. Ikaja mara nyingine, nikaipitisha. Mzee mmoja wa kanisa akaanza kunitembelea jioni, akizungukazunguka maneno, mpaka nikagundua anatafuta dhambi niliyofanya. Alikuwa ameshanifikiria mke wa pili huko Runyenjes. Nikaenda kwa mchungaji nikamweleza. Akafikiri sana.

"Ireri, kwani nikikukatia kipande cha muhogo, Mungu atakataa?"

"Mchungaji, hilo mnajua nyinyi wenye kola."

Akaniandalia kisahani changu pembeni, na kikombe changu, maana kile cha wote huingia makombo ya wenzako. Yule mzee wa kanisa sasa ndiye anayekikumbuka kisahani hata mimi nikisahau.

Lakini adui mkubwa kuliko mafuta ya mandazi na kinu ni adabu. Huku kwetu mtu hakatai chakula. Ukikataa, umekataa watu. Mimi mwenyewe, nikiwa najua vizuri kabisa, niliwahi kula kipande cha mkate kwa shemeji yangu kwa sababu alikuwa amenikatia kwa mkono wake na kuniangalia. Nililala kitandani wiki, na shemeji hakujua kamwe alinifanyia nini. Ndiyo maana nataka mwisho niwaeleze siku ya Kianjai.

Mzee M'Ikiara alikuwa na boma kubwa Kianjai, na mjukuu wake Makena alikuwa anaposwa na kijana wa Gachoka aitwaye Nyaga, karani katika ofisi moja Embu. Siku ya mahari tuliitwa sisi kupika. Tangu tulipofika niliona mzee hana raha. Alikuwa akizunguka jikoni na bakora, akifunua sufuria, akiuliza nani amechinja na nani amechota maji. Mama yake Makena ndiye aliyetueleza chanzo. Nyaga alikuwa amekuja pale nyumbani mara kadhaa, na kila mara akiandaliwa chapati alisema ameshiba. Alikunywa chai tupu akaaga. Mzee alikuwa amelihesabu hilo kuwa dharau, na mbaya zaidi, alidhani kijana anaogopa atatiliwa kitu. Boma lake kudhaniwa la sumu! Alikuwa amenyamaza kwa ajili ya Makena tu.

"Leo anasema ataonyesha watu chakula chake ni safi," mama akasema akikunja ncha ya leso. "Na huyo kijana akikataa tena, hakuna harusi. Ameapa."

Wageni wa Gachoka walipokaa na maombi kuisha, kabla ya mtu kupakua chakula, Mzee M'Ikiara akasimama.

"Mpishi! Wewe wa chapati. Kuja hapa mbele."

Nikaenda nikijifuta mikono.

"Hapa kwangu, mwenye kupika anaonja mbele ya wageni. Wote waone. Asiwe mtu wa kusema ameshiba." Akamtupia Nyaga jicho.

Nikaonja nyama ya mbuzi. Nikaonja mukimo wa viazi vya kupondwa, nikaonja wali. Watu wakacheka kidogo, mambo yakaelekea vizuri. Kisha Mutwiri, ambaye hakuwa na njia nyingine, akaniletea sahani ya chapati. Nikasimama nayo mkononi.

"Onja," mzee akasema.

Nikaona baba mmoja wa Gachoka akirudisha sahani yake mezani taratibu. Mtu nyuma akanong'ona, na mnong'ono ukatembea safu hadi safu. Mpishi hali chapati zake. Zina nini? Nilifikiria kuimeza tu. Kitanda wiki moja, basi, na harusi ya watoto wa watu ipone. Nikaikata, nikaileta mpaka mdomoni. Mama Kagwiria alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, akatikisa kichwa mara moja.

Nikairudisha kwenye sahani. Jina langu lote lilikuwa kwenye sahani ile.

"Mzee, siwezi kula hii. Si kwa sababu ni chafu. Ngano ni sumu kwangu mimi peke yangu."

"Mpishi wa chapati hawezi kula chapati? Unanicheza?"

"Nimepimwa hospitali hapa Meru. Nikila, tumbo linavimba, nakaa msalani siku nzima, mdomo unatoka vidonda, nakonda mpaka suruali inafungwa na kamba. Nilidhani ni taifodi miaka yote. Ni ngano. Na watu wakinikaribisha, nilikuwa naona haya kusema, kwa hivyo nilikuwa nawaambia nimeshiba."

Hapo mama mmoja wa Gachoka akasimama, leso ikamwanguka begani. Alikuwa mama yake Nyaga.

"Na damu?" akaniuliza. "Damu inapunguka? Mtu analala hata akiwa ameamka?"

"Ndiyo, mama."

Akamgeukia mwanawe. "Nyaga. Sema."

Kijana hakuinua macho. Makena, ambaye kwa kawaida alipaswa kukaa ndani akisubiri kuitwa, alikuwa ameshatoka akasimama mlangoni.

"Mzee," Nyaga akasema, na sauti yake ilitoka ndogo. "Mimi pia. Tangu nikiwa primary. Nikila chapati naumwa. Sikujua inaitwa nini. Niliona aibu kuwaambia watu nataka kuoa msichana wao kwamba mimi ni mgonjwa. Nilidhani mtanikataa."

Vijana wangu, kijana yule alienda baadaye hospitali, akarudia kula ngano kwa uchungu mpaka vipimo vikaisha, kama nilivyomwagiza, na jibu lilikuwa lile lile langu. Makena amejifunza kupika mtama vizuri kuliko mimi. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile hatukujua lolote. Tulikuwa tunamtazama mzee tu, maana neno lilikuwa lake, naye alikuwa ameapa.

Mzee M'Ikiara aliegemea bakora yake. Kisha akaja mpaka nilipokuwa, akachukua ile chapati niliyoikata, akaikunja, akaila yote mbele ya watu, bila chai, akitafuna taratibu kwa meno aliyobaki nayo.

"Nimeonja mimi," akasema. "Kuleni."

Akaagiza nduma, yaani majimbi, kutoka jikoni kwa mke wake, zile zilizochemshwa kwa ajili ya wazee. Akachagua moja kubwa, ikiwa bado ya moto, akaimenya kwa kucha zake mwenyewe, akipuliza vidole. Mke wake, wana wake na wajukuu wote waliduwaa, maana hakuna aliyewahi kumwona akimmenyea mtu. Akaenda nayo mpaka kwa Nyaga, akaiweka mkononi mwake.

"Kula, mwanangu," akasema. "Mimi nilifikiri hututaki."

Nyaga akaipokea kwa mikono miwili. Akaila machozi yakimtoka, mbele ya watu wote wa Gachoka na wa Kianjai, mpaka ikaisha. Kisha akaomba nyingine.